Simu si mgonjwa, inasubiri tu

MAMA mmoja jirani yangu mtaani Umoja, Nairobi, alinibishia mlango Jumapili moja yapata saa mbili usiku akiwa ameshika simu kwa mikono miwili, mithili ya mzazi aliyempakata mtoto mwenye homa. Kesho yake shule zilikuwa zikifunguliwa. Mwanawe alitakiwa kufika bwenini na stakabadhi ya karo, na karo yenyewe ilikuwa ingali benki. Alipofungua programu ya benki hiyo ili alipe, ilimjibu kwamba toleo alilo nalo limepitwa na wakati na kwamba hawezi kuendelea mpaka apate jipya. Akabonyeza alipoelekezwa. Duka la Play Store likafunguka, likaandika "Inasubiri", na kigurudumu kikaanza kuzunguka. Saa nzima baadaye kilikuwa bado kinazunguka.

"Niliambiwa simu hizi hujisasisha zenyewe," akalalamika. "Mbona yangu haitaki? Ama niliuziwa bandia?"

Hilo halikunishtua, kwani malalamiko kama hayo nimeyasikia mara nyingi. Lililonishtua ni alilosema baadaye: kwamba mtu mmoja katika kundi la WhatsApp la chama chao alikuwa amemtumia kiungo, akimwambia abonyeze hapo apate toleo jipya mara moja bila kusumbuka, naye alikuwa karibu kubonyeza.

Nilimwomba aketi na aniachie simu hiyo kidogo. Nitakueleza tulichokipata humo, ndugu msomaji, kwa sababu huenda simu yako pia imo katika hali iyo hiyo bila wewe kujua.

Simu nyingi zinazotumiwa mijini mwetu, ziwe Tecno, Infinix, itel, Samsung au Redmi, huendeshwa na mfumo wa Android, na programu zake, ambazo vijana huziita apu, hupatikana katika duka la Google. Duka hilo lilifunguliwa mwaka wa 2008 likiitwa Android Market, na Machi 2012 likapewa jina la Google Play. Kazi yake haiishii siku unapoichukua programu. Waliounda programu huendelea kurekebisha kasoro, kuziba mianya inayoweza kutumiwa na wezi na kuongeza mambo mapya, na ni duka hilo linalokuletea marekebisho hayo. Hayo ndiyo masasisho.

Kwa kawaida Play Store huchunguza mara moja hivi kwa siku kama kuna toleo jipya la programu ulizo nazo. Likipatikana, haliletwi papo hapo. Simu hungoja masharti manne yatimie kwa wakati mmoja: iwe imeunganishwa na Wi-Fi, iwe kwenye chaji, iwe imetulia bila kutumiwa na mtu, na programu yenyewe inayohitaji kusasishwa isiwe imefunguliwa.

Sasa tazama maisha ya simu ya jirani yangu. Anauza nguo Gikomba, ambako hutumia bando la siku. Nyumbani hakuna Wi-Fi. Jioni simu huwekwa kwenye chaji, lakini hapo ndipo mtoto wake mdogo huitwaa kutazama katuni. Wakati wa kulala unapofika, mama huzima data ili bando lisiliwe usiku, kisha huchomoa chaja kwa kuhofia hitilafu ya stima. Masharti manne hayajawahi kukutana katika simu hiyo hata usiku mmoja tangu ainunue! Ilikuwa kama abiria aliyeambiwa angoje matatu katika kituo ambacho matatu hazipiti. Haikuwa mgonjwa wala bandia. Ilikuwa ikifuata maagizo ya watu waliofikiria nyumba yenye Wi-Fi mchana na usiku na soketi kando ya kila kitanda.

Bando

Basi mtu afanye nini? Jambo la kwanza ni kujua simu yako imeamriwa nini. Fungua Play Store, gusa kile kiduara chenye picha yako au herufi ya jina lako pembeni juu, uingie kwenye mipangilio, kisha utafute mapendeleo ya mtandao. Hapo utakuta mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Moja linahusu kupakua programu kwa mkono wako mwenyewe, na la pili linahusu kusasisha kiotomatiki. La kwanza likiwa limefungwa kwa Wi-Fi pekee, hata ukibonyeza wewe mwenyewe ukiwa na bando la kutosha, simu itaendelea kungoja Wi-Fi. Hiyo ilikuwa sehemu ya kwanza ya tatizo la jirani yangu. Tulipobadilisha, ikubali mtandao wowote kwa upakuaji wa mkono, kigurudumu kilisogea kidogo, kikakwama tena. Nitarejea hapo.

Kuhusu kusasisha kiotomatiki, wapo watakaokushauri uruhusu mtandao wowote na usahau habari hiyo. Mimi sikushauri hivyo ikiwa unanunua bando la siku. Programu 30 zikiamua kujisasisha asubuhi moja, utafika kazini ukiwa huna bando hata la kusoma ujumbe mmoja. Afadhali uache Wi-Fi pekee kwa zile zinazojisasisha, kisha zile chache zenye maana uzisasishe kwa mkono.

Ukigusa tena kile kiduara na kuchagua kudhibiti programu na kifaa, utaona orodha ya programu zinazongoja, na kando ya kila moja ukubwa wake kwa megabaiti. Usibonyeze sehemu ya kusasisha zote. Chagua programu ya benki, ile ya pesa za simu, WhatsApp na kisakuzi unachotumia kuingia kwenye intaneti. Michezo na vitu vya kupamba picha vingoje. Mara moja kwa juma yatosha, na Jumapili jioni si siku mbaya, mradi usingoje iwe ile ya mkesha wa kufungua shule.

Kwa mwanafunzi wa chuo, au mtu mwenye Wi-Fi kazini, kanisani au kwa ndugu, mambo ni mepesi zaidi. Ukienda kumtembelea dada yako aliye na Wi-Fi ukalala huko, iache simu kwenye chaji usiku kucha na usizime Wi-Fi. Usiku mmoja kama huo unaweza kufuta deni la mwezi mzima. Tena kuna faida nyingine. Desemba 2016 Google ilitangaza mbinu ya kuleta sehemu zilizobadilika tu ndani ya programu badala ya kuileta nzima, na ikasema masasisho ya namna hiyo huwa madogo kuliko programu nzima kwa wastani wa asilimia 65. Lakini mbinu hiyo huitaka simu ifanye hesabu nyingi za kuunganisha vipande, na kwa sababu hiyo ilianza kutumiwa kwa masasisho ya kiotomatiki pekee, simu inapokuwa imepumzika kwenye chaji. Anayengoja usiku anaweza hivyo kupakua kidogo kuliko anayelazimisha mchana.

Wi-Fi nayo ina vitimbi vyake. Ile ya mikahawani na vyuoni mara nyingi hukutaka kwanza uandike nambari ya simu au nywila katika ukurasa fulani. Usipofanya hivyo, alama ya Wi-Fi itaonekana juu ya kioo ilhali hakuna intaneti yoyote inayopita. Aidha, kuna kisa cha binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, ambaye kabla mama yake hajanijia alikuwa amemgawia intaneti kutoka simu yake mwenyewe. Simu ya mama ilionyesha Wi-Fi, lakini bado haikujisasisha. Watu wengi hawajui kwamba simu ya Android inapogawa intaneti yake, huiarifu kimyakimya simu nyingine kwamba data hii ni ya kupimwa, inalipiwa. Simu inayopokea basi huwa na adabu ya mgeni, haijipakulii mengi. Ukitaka iondoe adabu hiyo, ingia katika mipangilio ya Wi-Fi, ufungue mtandao huo na uuweke kuwa usiopimwa. Kumbuka kuurudisha baadaye, la sivyo mwenye bando atakuja kukuuliza.

Na kama umewasha Kiokoa Data au Kiokoa Betri, elewa kwamba umeiamuru simu isifanye kazi za chinichini. Kusasisha kiotomatiki ni mojawapo ya kazi hizo.

Foleni

Turudi kwa kigurudumu kilichokwama. Play Store hupakua kwa foleni. Kitu kikubwa kikitangulia, vilivyo nyuma yake huweza kuandikiwa "Inasubiri" hata kama ni vidogo mno. Tulipotazama orodha ya jirani yangu tulikuta mchezo wa magari, mkubwa ajabu, ulioanzishwa na yule mtoto wa katuni siku nyingi zilizopita na ambao haukuwahi kumalizika kwa sababu bando lilikuwa likiisha kila mara. Programu ya benki ilikuwa nyuma ya mchezo huo. Tuliufuta kwa kugusa alama ya msalaba kando yake, tukasimamisha na vingine vyote, kisha tukaanza upya na benki peke yake.

Ikaanza kupakua. Ilipofika karibu na mwisho, simu ikalia kwamba haina nafasi ya kutosha.

Nafasi

Hili, kwa maoni yangu, ndilo tatizo kubwa kuliko yote katika simu za familia zetu, na ndilo ambalo watu hulipuuza zaidi. Simu ikiandikwa GB 32 dukani, sehemu yake nzuri imekwisha kuliwa na mfumo wenyewe kabla hujaitoa kwenye karatasi. Sehemu iliyobaki hugawanywa kati ya programu, picha zako na vitu ambavyo hukuviomba: video za salamu za asubuhi, mahubiri, vichekesho, matangazo ya harambee, kila kimoja kikitumwa katika makundi matano na kuhifadhiwa mara tano. Wakati wa kusasisha, simu huhitaji nafasi ya kuliweka toleo jipya huku lile la zamani likiwa bado lipo. Ikiwa nafasi iliyobaki haifiki GB 1, tarajia matatizo.

Usianze kufuta programu ovyo. Ingia katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kisha kudhibiti hifadhi. Itakuonyesha video kubwa na zile zilizotumwa mara nyingi, na kundi gani limekujazia takataka kiasi gani. Jirani yangu alishangaa kuona kwamba kundi la matayarisho ya arusi iliyokwisha kufanyika zamani lilikuwa bado linakalia nafasi kuliko picha zote za watoto wake. Tulifuta. Ukimaliza, zima ile desturi ya WhatsApp ya kupakua video zenyewe, la sivyo utarudi palepale baada ya majuma mawili.

Android pia ina njia ya kuiweka programu ghalani. Tangu mwaka wa 2023 Play Store inaweza kuipunguza programu usiyoitumia ibaki alama tu, huku taarifa zako zikihifadhiwa, nawe ukiigusa irudishwe. Ni msaada mkubwa kwa simu ndogo, mradi ukumbuke kwamba kuirudisha kunahitaji data.

Je, na ikiwa nafasi ipo, mtandao upo, foleni haina kitu, na bado simu imegoma? Hapo kuna dawa ya zamani inayofanya kazi mara nyingi. Zima simu uiwashe. Usicheke. Ikishindikana, nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, uitafute Google Play Store, ufungue hifadhi yake na ubonyeze "Futa akiba". Akiba ni karatasi za rasimu ambazo programu hujiwekea ili ifanye kazi upesi, na wakati mwingine huchafuka. Ikibidi, futa na data ya Play Store, kisha ufanye vivyo hivyo kwa akiba ya huduma za Google Play. Hutapoteza picha wala pesa, ingawa mapendeleo uliyoyaweka katika Play Store huenda ukalazimika kuyaweka upya.

Lakini shika hili vizuri: unafuta data ya Play Store, si ya programu inayokataa kusasishwa. Ukiingia katika WhatsApp yenyewe na kuifutia data bila kwanza kuhifadhi nakala ya mazungumzo yako, umeyazika. Picha za marehemu baba zilizotumwa humo pekee, sauti ya nyanya akikubariki, vyote vitakwenda. Makosa haya hayana kisakuzi wala fundi wa kuyarudisha, na wengi huyafanya kwa kuelekezwa na mtu mwenye haraka. Programu ya pesa kwa upande mwingine haitishi sana. Pesa zako zimo katika akaunti, hazimo katika simu, na ukiifuta programu na kuiweka tena utaulizwa tu ujitambulishe upya.

Sababu nyingine ni ndogo ila husumbua. Tarehe ni mojawapo. Simu nzee ambayo betri yake ilikufa kabisa inaweza kuamka ikidhani tungali mwaka wa 2015. Mawasiliano salama ya intaneti hutegemea vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na simu iliyopotea mwaka huviona vyeti halali kuwa havijaanza kutumika, ikakataa kuzungumza na Play Store. Weka tarehe na saa zijirekebishe zenyewe kwa mtandao.

VPN nayo. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, Telegram ilipokatizwa nchini wakati wa mtihani wa KCSE, vijana walikimbilia programu za VPN ili waendelee kuitumia. Wengine hawakuziondoa mpaka leo. VPN ya bure iliyoachwa ikifanya kazi inaweza kuzuia upakuaji au kuufanya wa kinyonga. Izime, ujaribu tena.

Isitoshe, si kila kuchelewa ni kosa la simu yako. Nimeona wanafunzi wawili wakibishana kwa sababu mmoja amepata sura mpya ya programu fulani na mwenziwe hajapata, ilhali simu zao ni za aina moja. Wenye programu wana ruhusa ya kutoa toleo jipya kwa mafungu, kwanza kwa asilimia ndogo ya watumiaji, watazame kama kuna kasoro, kisha waongeze. Ukiwa katika fungu la mwisho, hakuna utakachobonyeza kikakufikisha mbele.

Simu zilizozeeka

Kuna simu ambazo hazitasasishwa hata ukizibembeleza. Wakenya wengi walionja Android kwa mara ya kwanza kupitia Ideos ya Huawei iliyouzwa hapa nchini mwaka wa 2011, na baadhi yetu tuna tabia ya kumrithisha mtoto simu ya baba, naye akamrithisha nyanya mashambani. Lakini programu mpya hutaka mfumo mpya. Agosti 2023 Google iliacha kuhudumia Android 4.4, iliyotoka mwaka wa 2013, katika huduma zake za Play. Mwishoni mwa mwaka uo huo kisakuzi cha Chrome kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Android 7, na katika mwaka wa 2025 kikaziacha Android 8 na 9.

Simu kama hiyo haitoi kelele. Play Store hukaa kimya tu, isikuonyeshe sasisho lolote, nawe ukadhani mambo ni shwari. Tazama nambari ya mfumo wako katika sehemu ya mipangilio inayohusu maelezo ya simu. Ikiwa unanunua simu iliyokwisha kutumika, nambari hiyo ina maana kuliko idadi ya kamera zilizopangwa mgongoni, ambazo muuzaji atakuonyesha kwanza.

Kisha kuna programu zilizoingia kwa mlango wa nyuma. Kila programu halali ina sahihi ya siri ya mwenyewe, na Android hukataa kuweka toleo jipya juu ya lililo na sahihi tofauti. Programu uliyopewa na rafiki kwa Bluetooth au Xender, kama ni ile halisi ya dukani, inaweza kusasishwa bila taabu. Lakini ile iliyofunguliwa na kushonwa upya na mtu mwingine, kama GB WhatsApp inayopendwa sana na vijana kwa sababu ya madoido yake, haiwezi kuguswa na Play Store. Haijulikani ndani yake mna nini, na WhatsApp imekuwa ikiwafungia kwa muda wanaotumia programu za aina hiyo.

Sasa utaelewa ni kwa nini kile kiungo cha kundi la chama kilinitia baridi. Mwaka wa 2021 ulisambaa ujumbe katika makundi ya WhatsApp ukiwaahidi watu sura mpya ya rangi ya waridi, na ukaitwa WhatsApp Pink. Aliyeuamini alipakua programu hatari ambayo baadaye ilijisambaza yenyewe kwa kujibu jumbe za marafiki zake kwa niaba yake. Mtu aliyekata tamaa na kigurudumu kinachozunguka ndiye mawindo mepesi kuliko wote wa hila kama hizo, kwa sababu anatafuta toleo jipya na hapa analetewa mlangoni. Toleo jipya la programu ya benki hutoka dukani lilikotoka la kwanza, halitoki kwa mwanachama wa kundi, hata awe mweka hazina.

Huenda ukauliza kwa nini tusiache tu programu za zamani zikaendelea. Kwa hakika mimi pia hukasirika ninapoamka na kukuta kitufe nilichokizoea kimehamishwa. Lakini Mei 2019 ilifichuka kwamba kulikuwa na mwanya katika WhatsApp ambao kupitia kwake mtu angeweza kuingiziwa programu ya ujasusi kwa kupigiwa simu tu, hata asiipokee. WhatsApp iliwahimiza watumiaji wake wote, waliokuwa takriban bilioni 1.5, wachukue toleo jipya. Waliokuwa wamesasisha walikuwa wamefungiwa mlango. Waliokuwa na kigurudumu kinachozunguka hawakuwa na mlango.

Hata hivyo, haifai kuficha kwamba mara nyingine sasisho lenyewe ndilo linaloleta ugonjwa. Machi 2021 programu kama Gmail zilianza kufungika zenyewe katika simu za Android kote duniani. Chanzo kilikuwa sasisho la sehemu ya mfumo iitwayo WebView, ambayo programu nyingi huitumia kuonyesha kurasa za intaneti, na Google ililazimika kutoa jingine upesi la kuirekebisha. Kwa hiyo programu ikianza vituko mara tu baada ya kusasishwa, usiilaumu simu wala usikimbilie kwa fundi wa Luthuli Avenue aifute yote. Ngoja siku moja au mbili, kisha utazame kama limekuja sasisho jingine.

Kwa wenye iPhone maneno ni machache, maana mambo makuu ni yale yale: Wi-Fi, chaji, nafasi, na kuzima hali ya kuokoa betri. Tofauti ni moja. iPhone nyingi mjini zimepitia mikono miwili au mitatu, na programu iliyopakuliwa kwa akaunti ya mwenye simu wa kwanza itakuomba nywila yake kila unapotaka kuisasisha. Ifute, uipakue upya kwa akaunti yako.

Programu ya benki ya jirani yangu ilimaliza kujisasisha saa tatu na dakika 20. Akalipa, akapata ujumbe wa kuthibitisha, akashusha pumzi. Binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda huo wote akitutazama, ndipo aliposema:

"Lakini mama, si benki yenu ina ile nambari ya nyota na reli? Hiyo haihitaji hata intaneti."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akauliza kwa nini hakusema hivyo tangu saa moja. Binti akajibu kwamba hakuulizwa.